Tableti inaandika "inachaji" halafu inazima angani: kisa kizima cha waya za glaida moja

Rubani mmoja wa klabu yetu, anarusha glaida ya kiti kimoja, alinifuata baada ya kutua akiwa na tableti mkononi imezima kabisa, nyeusi tii. "Kaka, hii kitu inanishinda. Nikikaa hewani masaa manne inakata, na alama ya chaji naiona muda wote ipo pale juu inawaka." Nikamuuliza redio je, akasema redio iko poa ila siku hizi ina makelele kidogo, amepandisha skwelchi (kile kidhibiti cha redio kinachonyamazisha kelele za nyuma) yametulia. Hilo la redio alilisema kama kitu cha pembeni tu, na mimi pia nililiacha lipite, nakiri hapo nilikosea maana lilikuwa ndo nusu ya kisa chote.

Kwa asiyezijua glaida, ni ndege ya kuteleza hewani, na hii haina injini, kwa hiyo hamna alteneta ya kurudishia betri chaji njiani, umeme ulioondoka nao ndo huohuo utakaorudi nao. Hii ya kwake ilikuwa na betri moja ya risasi, volti 12 ampia-saa 7, imekaa nyuma ya kichwa cha rubani. Inalisha redio, FLARM (kile kifaa cha kuonya glaida nyingine ikikukaribia), variometa ya umeme inayokwambia unapanda au unashuka, na msimu huu akaongeza tableti yenye XCSoar, programu ya bure ambayo inamwonyesha ramani, anga zilizofungwa, na kama urefu alionao unamtosha kuteleza mpaka uwanjani. Tableti inaongea na FLARM kwa bluetooth. Kwenye safari ndefu hiyo ramani sio pambo, ikizima ukiwa mbali unabaki kukisia kama utafika nyumbani au utatua shambani kwa mtu.

Alivyokuwa amefunga: soketi ya kibiriti cha gari nyuma karibu na betri, humo kachomeka konveta ndogo ya kugeuza 12 kuwa 5, halafu kebo ya USB ya mita 2 inapita pembeni ya kiti mpaka kwenye dashibodi. Ukiangalia juu juu unaona sawa kabisa. Nusu ya watu ninaowajua wamefunga hivyohivyo.

Yeye alishaamua mwenye makosa ni betri, na alishanunua nyingine mpya kabla hajaja kwangu, akaruka nayo, tableti ikazima muda uleule. Hapo tu palitosha kutuambia betri haihusiki. Fikiria, redio ndo ya kwanza kulalamika volti zikishuka hasa ukibonyeza kuongea, na redio yake ilikuwa inaongea vizuri mpaka anatua. Betri ikichoka vyote vinachoka. Kikichoka kimoja tu, angalia njia ya hicho kimoja.

Kwa hiyo tulikaa na glaida chini, tukawasha kila kitu kama vile yuko hewani, mwanga wa skrini juu mpaka mwisho kwa sababu ndani ya kanopi (kile kifuniko kinachopitisha mwanga juu ya rubani) juani bila hivyo huoni kitu, na nikachomeka kimita cha USB pale mwisho wa kebo, upande wa tableti. Hapa nataka nisisitize, UPANDE WA TABLETI. Watu wanapima kwenye betri, wanaona 12.7, wanaridhika. Betri kuwa na 12.7 haikwambii chochote kuhusu kinachofika mita 2 mbele baada ya konveta na soketi na kebo nyembamba. Na upime kifaa kikiwa kinakula, maana kebo isiyobeba mkondo haipotezi volti hata kidogo, utaisingizia uzima.

Kimita kikasoma volti 4.7 na ampia 0.46. Zidisha, unapata wati mbili na kidogo. Sasa tableti yenyewe inakula ngapi? Tukaichomoa tukaiacha saa nzima ikiwa na ramani na GPS na mwanga wote, ikashuka asilimia 40. Betri yake ya ndani ni mAh 4000 kwenye volti 3.8, yaani wati-saa 15, kwa hiyo asilimia 40 kwa saa moja ni wati 6. Inaingia 2.2, inatoka 6. Kila saa inakopa karibu wati-saa 3.8 kwenye betri yake ya ndani, gawanya 15 kwa 3.8 unapata masaa manne kasoro kidogo. Jamaa akaniangalia tu. Ile alama ya chaji haikuwa inadanganya, umeme kweli ulikuwa unaingia, ila alama haikwambii unaingia kiasi gani ukilinganisha na unaotoka.

Mimi nilikuwa na uhakika ni kebo. Nikatoa fupi nene ya sentimita 30 nikaiweka, volti zikapanda mpaka 5.0 na mimi nikashangilia mapema, kumbe ampia zimebaki 0.47. Kebo nzuri, mkondo uleule! Hapa ndo nilikaa chini kufikiri vizuri. Tableti inapochomekwa huwa inaangalia zile waya mbili za data ndani ya USB kujua imechomekwa wapi. Ikikuta zimeunganishwa pamoja inajua hii ni chaja, inavuta inavyotaka. Isipokuta hivyo inadhani iko kwenye kompyuta, na heshima ya bandari ya kompyuta ya USB 2.0 ni kutovuta zaidi ya ampia 0.5. Ile konveta ilikuwa imeandikwa ampia 2 kwa herufi kubwa, na inawezekana kweli inaweza kutoa 2, lakini waya zake za data zilikuwa zinaning'inia bila kuunganishwa popote, na tableti ikawa inaomba kidogo kwa adabu.

Tukaleta konveta nyingine ambayo waya za data zimeunganishwa inavyotakiwa. Kwa kebo fupi, ampia 1.5 kwa volti 4.9, raha. Kwa ileile kebo yake ya mita 2, ampia 0.7 kwa volti 4.5. Kwa hiyo magonjwa yalikuwa mawili, na la kwanza lilikuwa linalificha la pili. Ungebadilisha kebo peke yake usingeona tofauti ukasema kebo haina shida, ungebadilisha konveta peke yake ungeona nafuu kidogo tu ukaruka nayo ukidhani umemaliza.

Hesabu ya kebo iko hivi na inafaa kuijua. Kebo nyingi za kawaida za USB waya zake za umeme ni geji 28 (geji ni kipimo cha unene, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba), na waya wa geji hiyo una ukinzani wa kama omu 0.21 kwa kila mita. Mita 2 kwenda na mita 2 kurudi (watu wanasahau kurudi) ni mita 4, unapata omu 0.85. Ampia 1 ikipita hapo unapoteza volti 0.85. Kwenye volti 12 ungesema si kitu, lakini hapa una 5 tu mkononi, zikibaki 4.2 tableti inaogopa inapunguza kuvuta mpaka ipate volti inazozikubali. Sasa chukua safari ileile uibebe kwa volti 12 badala ya 5, na waya wa geji 20 ambao una omu 0.033 kwa mita. Wati 7.5 zinazotakiwa mbele, ukihesabu na konveta inavyopoteza kidogo, ni ampia 0.7 hivi, zikipita omu 0.13 unapoteza volti 0.09. Huwezi hata kuiona kwenye mita ya kawaida.

Kwa hiyo dawa ilikuwa kugeuza mpangilio: volti 12 zisafiri mbali, volti 5 zisafiri kidogo. Tukang'oa ile soketi ya kibiriti (sikuipenda tangu mwanzo, plagi yake inashikiliwa na springi tu, glaida ikikimbia kwenye nyasi na gurudumu lake moja inatikisika na kulegea), tukavuta waya wa geji 20 uliosokotwa wa chanya na hasi pamoja, konveta ikaenda nyuma ya dashibodi, na kebo ya USB ya sentimita 30 ikatokea mbele.

Tumewasha, ampia 1.4, jamaa anacheka, mimi nachukua redio nijaribu. Shhhhhhh.

Hapo ndo nikakumbuka maneno yake ya siku ya kwanza. Redio za ndege zinatumia AM kwenye megahezi 118 mpaka 137, na AM haina kinga yoyote dhidi ya uchafu wa umeme, kelele yoyote inayofika inaingia moja kwa moja sikioni. Konveta ya aina hii inafanya kazi kwa kukata na kuwasha umeme mara laki kadhaa au milioni kwa sekunde, na kila mkato unazaa mawimbi mengine juu yake mpaka huko juu kwenye bendi ya redio. Konveta yenyewe ni ndogo haina nguvu ya kurusha mbali, ila waya unaotoka kwake unageuka antena. Ile ya kwanza ilikuwa inamchafulia hivyohivyo miezi yote, na alichofanya yeye ni kupandisha skwelchi. Skwelchi ukiipandisha kelele inanyamaza, na mtu anayekuita kwa mbali kwa sauti dhaifu naye ananyamaza. Alikuwa anaruka akiwa nusu kiziwi na hajui. Hili lilinitisha kuliko tableti kuzima, kwa kweli.

Namna ya kulipima ni rahisi na haihitaji chombo chochote. Weka redio kwenye masafa yasiyo na mtu, fungua skwelchi yote, sikiliza, chomoa konveta, sikiliza, chomeka tena. Halafu usiishie masafa moja, pita bendi nzima, hasa yale unayotumia uwanjani na ya dharura 121.5, kwa sababu uchafu wa konveta haukai sawasawa, pengine kimya kabisa halafu megahezi moja mbele unavuma. Tulifanya hivyo na konveta tatu. Moja ilikuwa mbaya kila mahali, moja mbaya sehemu mbili tatu, moja yenye kasha la chuma ilikuwa karibu kimya. Tukachukua ya chuma, tukaweka pete za feraiti (pete za sumaku zinazozuia kelele za umeme kupita kwenye waya) kwenye waya wa kuingia na wa kutoka, karibu kabisa na konveta, waya umepita ndani ya pete mara mbili badala ya mara moja, maana kuzungusha mara mbili kunaongeza kizuizi karibu mara nne, ingawa ukizidisha mizunguko faida inapungua kwenye masafa ya juu hivi. Na kebo ya antena tukaihamishia upande wa pili wa kokpiti, zamani ilikuwa imefungwa bega kwa bega na ile USB ndefu. Skwelchi ikarudi pale ilipokuwa mwanzo.

Wakati tunavuta waya ndo tukaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta. Fyuzi zilikuwepo, nzuri, zimepangwa kwenye dashibodi. Lakini kutoka betri mpaka dashibodi ni mita na nusu ya waya wa chanya bila fyuzi yoyote, unapita chini ya bakuli la kiti, na mahali unapopinda kwenye ukingo ganda lilikuwa limekwanguka shaba inaonekana kwa mbali. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo mahali pake ni mwanzo wa waya, pale pale kwenye betri, ya dashibodi hailindi kitu kilicho nyuma yake. Betri ya ampia-saa 7 ikipigwa shoti inaweza kutema zaidi ya ampia 100, waya ule ungekuwa mwekundu kabla hujamaliza kushangaa, na moshi ndani ya kokpiti ile iliyobana huna pa kuukimbilia. Tukaweka fyuzi kwenye mguu wa chanya wa betri, ampia 5, na ya ampia 3 kwa tawi la tableti peke yake ili tableti ikileta balaa lake isizime redio. Waya ulibadilishwa wote, sio kupigwa tepu.

Tukadhani tumemaliza. Akaruka masaa matano, tableti ikatua na asilimia 94, na saa ya mwisho redio ikaanza kukatika kila akibonyeza kuongea.

Aisee hiyo ilikuwa inauma, ila ukifikiri ni haki yake. Zamani tableti ilikuwa inavuta kwenye betri kubwa ampia 0.2 tu kwa sababu ilikuwa imebanwa, sasa imefunguliwa inakula 0.6. Redio ikisikiliza, FLARM na variometa kwa pamoja ni kama 0.4. Jumla ampia 1, masaa matano ni ampia-saa 5. Unasema betri ni ya 7, ipo salama. Lakini ile 7 iliyoandikwa kwenye betri ya risasi ni kwa kuinyonya polepole masaa 20, yaani ampia 0.35. Ukiinyonya kwa ampia 1 haikupi 7 zote. Na baridi ya juu inakata tena, hewa inapoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1000 unazopanda. Halafu ikatokea kwamba ile "mpya" aliirudisha nyumbani iwe ya akiba, akaruka na ya zamani kwa sababu ndo ilikuwa imechajiwa. Tukaipima ya zamani kwa taa ya ampia 1, ikashuka mpaka volti 10.5, yaani imekwisha, baada ya masaa manne na dakika 20.

Tulijadiliana sana hapa. Kuna njia ya betri moja kubwa zaidi, kuna ya LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) ambayo ni nyepesi na volti zake zinakaa juu karibu muda wote, ila inataka chaja yake na ikifika mwisho inaanguka ghafla bila kukuonya, na kuna pawabenki ya kulisha tableti peke yake. Pawabenki inavutia kwa sababu haigusi umeme wa ndege kabisa, lakini ni lithiamu nyingine inayokaa juani chini ya kanopi, inaweza kuruka ikikupiga kama haijafungwa, na nyingi zinajizima zikiona kifaa kinavuta kidogo. Msimamo wangu, na bado nausimamia, ni kwamba redio na FLARM ziwe na betri yao na vya kuangalia ramani viwe na yake, vikae mbali na visikopane. Glaida hii ilikuwa na nafasi ya betri ya pili kutoka kiwandani. Betri ya saizi hii ina kama kilo 2.5, kwa hiyo uzito na kitovu cha uzito vilihesabiwa upya, na mkaguzi akapitia kazi nzima kabla haijaruka, pamoja na namna betri ilivyofungwa, maana kwenye kutua kwa kishindo kilo hizo 2.5 ziko nyuma ya kisogo chako.

Hatukuweka swichi ya kuhama betri moja kwenda nyingine. Saketi mbili, fyuzi zake, swichi zake. Hasi za betri zote mbili tumeziunganisha sehemu moja tu, kwa waya mnene. Hapa tableti inatumia bluetooth kwa hiyo ilikuwa tahadhari zaidi, lakini kama FLARM yako inaongea na skrini kwa kebo usiruke hatua hii, kwa sababu kebo ya data inaunganisha hasi za vifaa viwili, na kama hamna njia nyingine nene mkondo wa kurudi utapita kwenye kile kiwaya chembamba cha data. Na ukitumia zile soketi za RJ45 (kama za kebo ya intaneti), usichomeke kwa kuona plagi imeingia, kila mtengenezaji anaweza kupanga pini zake tofauti na zingine zimebeba volti 12. Pima kwa mita kwanza.

Mambo madogo yaliyobaki yalichukua nusu siku. Waya zote tulizishika kwa vifungo kila sentimita 15 hivi, tukasukuma fimbo ya usukani kona zote na pedali mpaka mwisho tukiangalia kama kuna kinachoguswa. Kebo ya USB tuliiacha itoke yenyewe ikivutwa, kwa sababu kama siku moja itabidi kanopi itupwe na rubani aruke, hakuna kitu kinachotakiwa kumshika. Kava la tableti lenye sumaku tuliliacha chini kabisa, lilikuwa linavuta dira. Na joto: betri ya lithiamu ya ndani haitaki kuchajiwa ikizidi nyuzi 45 hivi, kwa hiyo akiwa anasubiri kuvutwa juani tableti inakataa chaji hata waya ziwe za dhahabu. Sasa anaifunika kitambaa cheupe mpaka dakika ya mwisho.

Kabla ya kuruka tuliwasha kila kitu chini kwa masaa matano mfululizo, nikiandika volti za mwisho wa kila waya kila nusu saa. Inachosha lakini nisingemwachia aruke bila hiyo.

Safari iliyofuata alikaa hewani masaa matano na dakika 10. Alipotua nilikuwa namsubiri na mita. Tableti asilimia 92, betri ya ramani 12.2, betri ya redio 12.4, na njiani alimsikia mtu wa klabu ya mbali ambaye anasema msimu mzima hajawahi kumsikia.